Kipa aliyepanga moto wa Hiace chini ya Kitonga

Gari lilizimika Ruaha Mbuyuni saa 6 mchana, jua la utosi. Ndani ya ile Hiace kuukuu ya petroli tulikuwa 16, tukitoka Morogoro kwenda Iringa kucheza nusu fainali ya kombe la ng'ombe. Mechi saa 9:30. Ukichelewa zaidi ya nusu saa, wenyeji wanakula ushindi wa mezani.

Tangu Mikumi gari lilikuwa zito na linachemka. Dereva akainua kiti cha mbele kuifikia injini, akakuta nati inayobana distribyuta imelegea na kifaa kimejizungusha. Hapo angekirudisha mahali pake, akabana, tukaondoka. Yeye akakichomoa kizima eti akiangalie, bila kuweka alama hata ya chaki! Alipokirudisha injini haikuwaka tena, ikapiga mshindo kupitia kabureta, wauza vitunguu wakatawanyika.

Aliyetuokoa ni kipa wetu, ambaye siku za kazi ni fundi gereji.

Kwa lugha yetu ya mpira, cheche ya plagi ni straika na mafuta yaliyobanwa ni krosi. Straika akiwahi, mpira unapita nyuma yake. Akichelewa, beki keshaondosha. Cheche ikiwahi mno injini inagonga, ikichelewa inakosa nguvu na kuchemka, kama ilivyotusumbua sisi.

Kipa akafungua plagi namba 1, akamwambia beki wa kushoto azibe tundu kwa kidole. Yeye akazungusha kirenki kwa spana, taratibu. Upepo ulipokisukuma kidole, akajua pistoni inapanda kubana, si kutoa moshi; akaendelea hadi alama ya pulei ikakaa kwenye sifuri. Kucheki rota, inaangalia waya wa namba 4. Nyuzi 180, yaani kinyume kabisa!

Akachomoa. Meno yake yamekatwa mshazari, hivyo rota hujizungusha kidogo inapozama. Ilibidi aanze kwa kuirudisha nyuma kiasi, na mara ya tatu ndipo ikatua kwenye namba 1. Akakagua nyaya kwa mpangilio wa moto: 1, 3, 4, 2.

Ikawaka. Nati ikiwa bado haijakazwa, akawa anazungusha distribyuta kidogo kidogo huku anasikiliza, mpaka muungurumo ukatulia. Gereji angetumia taa ya taimingi. Pale alikuwa na masikio tu.

Kitonga tulipanda kwa gia za chini, redio imezimwa, kila mtu kimya. Kwenye kona moja ikaanza kugonga. Akashuka, akairudisha nyuma unywele mmoja, akabana.

Tuliingia Iringa saa 9:50. Kipa akakaa golini kucha zikiwa nyeusi. Tulilala 2-1, na goli la pili aliruka mapema mno, mpira ukapita upande wa pili. Hakuna aliyemtania. Kurudi nako tulikuwa tunamtegemea yeye.