Pikipiki ya okazio: itengenezwe kwanza, kisha ipandwe



Hapa Kindu pikipiki ni kama miguu yetu. Mchungaji anayekwenda kutembelea waamini upande wa Kalima ao Kasongo anavuka Lualaba mpaka Alunguli, kisha anaendelea na pikipiki katika udongo mwekundu, matope na madaraja ya miti. Mama mwenye mimba anapelekwa hospitali juu ya pikipiki. Kijana motari anaitumia kwa kulisha jamaa yake.

Pikipiki mpya ina bei kubwa, kwa hiyo wengi wetu tunanunua ya okazio. Hilo si kosa. Kosa linakuja saa ileile: feza zimelipwa, watu wanafurahi, moteri inawashwa, na watu wawili wanapanda kwenda safari ya mbali. Mnunuzi hajui kama mafuta ya moteri ni ya juzi ao ya mwaka jana. Hajui freni zimebaki na nguvu gani. Anajua rangi yake tu.

Basi, mnapohesabu bei, tengeni mapema feza za fundi, mafuta na piesi. Kama muuzaji atachukua feza zote mpaka ya mwisho, pikipiki hiyo bado ina bei kubwa kwenu. Kabla ya kulipa, soma namba ya shasi iliyochongwa kwenye chuma karibu na usukani, na namba ya moteri. Zilinganishe na karte roze. Zikiachana, usinunue.

Ikifika nyumbani, isafishe yote. Matope yanaficha nyufa za shasi na mahali mafuta yanapovuja. Kisha fuata mambo haya pamoja na fundi.

Mafuta ya moteri. Usiamini neno la "nilibadilisha juzi." Washa moteri dakika chache ili mafuta yawe mepesi, izime, uyamwage yote katika chombo na kuyatazama. Mafuta meusi yamechoka. Mafuta yenye rangi ya maziwa yanaonyesha kwamba maji yaliingia ndani. Ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, moteri ifunguliwe kwanza. Pikipiki nyingi za 125 zinachukua karibu litri 1. Pima kwa kijiti chake ao kioo chake, usizidishe. Mafuta ya zamani usiyamwage chini wala mtoni.

Hewa na moto. Toa filta ya hewa. Ile ya sponji inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri. Ile ya karatasi iliyojaa vumbi inabadilishwa. Toa pia buji. Ncha yenye rangi ya kahawia inaonyesha kwamba moteri inaunguza vizuri. Ncha nyeusi yenye masizi ni alama ya esanse nyingi ao mafuta yanayopanda. Ncha nyeupe ni alama ya joto la kupita kiasi.

Esanse. Wengi tunanunua kwa Kadhafi wa kando ya barabara. Mimina kidogo ndani ya chupa safi na uiache itulie. Kama kuna maji, yatashuka chini kwa sababu ni mazito kuliko esanse. Ile ya zamani iliyobaki ndani ya tanki imwagwe, na karburateri isafishwe.

Shene. Isukume juu na chini katikati. Kwa pikipiki nyingi inafaa icheze sentimita 2 mpaka 3. Ikilegea sana inaweza kuruka na kufunga gurudumu la nyuma. Ikikaza sana inakula rulma. Kama meno ya pinyo yamekuwa makali na kuinama, badilisha shene na pinyo zote mbili pamoja, kwa sababu shene mpya juu ya meno mabovu haidumu.

Freni, magurudumu na usukani. Fungua freni utazame unene wa vitambaa vyake. Tazama pine kama zina nyufa ao zimeisha. Inua gurudumu la mbele na kulitikisa: likicheza pembeni, rulma imekwisha. Geuza usukani kushoto na kuume. Gesi ukiiachilia, irudi yenyewe pande zote. Kaza buloni zote. Jaribu taa, ile ya freni pia, na honi.

Sasa unaweza kuipanda, lakini usiende mbali. Zunguka polepole ndani ya mji, peke yako, kilomita 10 mpaka 20. Rudi, iache ipoe, tazama tena buloni, shene na mahali pa kuvuja. Yote yakiwa sawa, ndipo ubebe mtu. Andika ndani ya daftari tarehe uliyobadilisha mafuta, maana katika pikipiki nyingi za okazio kompteri ya kilomita imekufa.

Kwa nini tunaandika haya katika ukurasa wa kanisa? Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu asianguke na damu iwe juu ya nyumba yake. Mwenye nyumba hangojei mtu wa kwanza aanguke. Pikipiki nayo ni hivyo. Abiria anayepanda nyuma hajaona shene, hajagusa freni. Ameweka maisha yake mikononi mwa yule aliyenunua.

Tena, pikipiki ya parokia imenunuliwa kwa sadaka: kuku wa mjane, mchele wa mkulima. Ikiharibika moteri baada ya mwezi kwa kukosa litri moja ya mafuta, sadaka hiyo imepotea, na waamini wa mbali wanabaki wakimngoja mchungaji wao. Kamati ya parokia ichague mtu mmoja wa kuchunga daftari, na kila mwezi itenge kidogo kwa mafuta na piesi.

Siku mbili za garaji si siku zilizopotea. Ngojeni, itengenezwe vizuri. Kisha vaeni kaski, dereva na abiria wote wawili, na mwende kwa amani.