Utangulizi: Mwanagenzi na Kasia Lake

Kitabu hiki kinahusu kufundisha upigaji makasia. Mashua tunazozishughulikia ni zile nyembamba za mashindano, ambamo mpigaji huketi kwenye kiti kinachoteleza, ameelekea shetri, akienda asikokuona. Swali linalowagawa walimu wa mchezo huu lina zaidi ya miaka 100: mwanagenzi afundishwe kwanza habari za mwili wake, au habari za kasia lake?

Uingereza ya karne ya 19 ilichagua mwili. Mgongo unyooke, mabega yakae hivi, mikono vile. Mkao huo ulirithiwa kutoka zama za viti visivyosogea. Mwaka 1873 viti vya kuteleza viliingia katika mbio za Oxford na Cambridge, miguu ikapata kazi kubwa, lakini walimu wengi waliendelea kukagua migongo. Steve Fairbairn, Mwaustralia aliyefundisha Jesus College, Cambridge, alipinga. Alitaka mwanafunzi aangalie bapa la kasia na kazi linayoifanya majini; mwili, aliamini, utajipanga wenyewe. Alilaumiwa sana kwamba anaharibu mtindo.

Mimi nasimama na Fairbairn. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wameonyesha katika michezo mbalimbali kwamba anayejifunza hunufaika zaidi akielekeza fikra kwenye matokeo ya mwendo wake kuliko kwenye viungo vyake.

Hilo halimwondolei mwalimu kazi. Upo mfuatano usiokwepeka: miguu husukuma kwanza, kiwiliwili hufuata, mikono humalizia. Wakati wa kurudi, mikono hutangulia, kisha kiwiliwili, na magoti hukunjwa mwisho. Akiyakunja mapema, mpini utamgonga magotini. Kwa hiyo mafunzo huanza na mikono peke yake, kisha huongezwa kiwiliwili, kisha mtelezo mfupi wa kiti, huku nusu ya kikosi ikilaza makasia juu ya maji ili mashua itulie.

Lililo gumu kuliko yote ni kurudi bila haraka. Watu hudhani mashua hushika kasi yake ya juu kasia linapovutwa. Sivyo. Hukimbia zaidi kasia likiwa nje ya maji, wakati miili ya wapigaji inateleza kuelekea shetri na chombo kinapita mbele chini yao. Anayerudi kwa pupa hufika mwisho wa reli za kiti kwa kishindo, na uzito wake huipunguzia mashua kasi. Mwanagenzi haamini hili kwa kuambiwa tu. Mwache asikilize maji yanavyopita chini yake, arudi kwa pupa, kisha arudi taratibu, alinganishe mwenyewe.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nenda penye mazoezi ya wanaoanza, ukae ukingoni. Tazama bapa tu: linaingia lini, linazama kiasi gani, linatoka lini. Migongo yao iache kwanza.