Kisanduku Kilichomshinda Pande la Mtu

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mtu ambaye hakuwa askari wala balozi. Jean-Eugène Robert-Houdin alikuwa fundi saa kutoka mji wa Blois aliyegeukia mazingaombwe, akapata umaarufu Paris, na wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu. Aliombwa arudi jukwaani kwa kazi moja tu: awaonyeshe wakuu wa makabila kwamba marabuti, mashehe walioaminika kuwa na karama na ambao baadhi yao walichochea upinzani dhidi ya ukoloni, hawamfikii Mfaransa hata kwa miujiza.

Onyesho lililovuma zaidi mjini Algiers lilihitaji kisanduku kidogo chenye mkono wa chuma. Robert-Houdin alimwita jukwaani pande la mtu, akamwambia akiinue. Akakinyanyua kama hakina kitu. Ndipo Robert-Houdin akapunga mikono na kutangaza kwamba amekwisha kumpokonya nguvu zake zote, kisha akamwambia ajaribu tena. Safari hii kisanduku hakikubanduka. Jamaa alivuta, akatweta, akapanua miguu na kuvuta tena. Mwisho alitoa ukelele, magoti yakamlegea, akatoka ukumbini mbio.

Siri ilikuwa chini ya mbao za jukwaa. Kitako cha kisanduku kilikuwa cha chuma, na chini ya sakafu ilifichwa sumaku ya umeme. Msaidizi aliyejificha akiruhusu umeme kupita, chuma kinanasa. Akiukata, hata mtoto anakiinua. Ule ukelele nao haukutokana na hofu peke yake, kwa kuwa mkono wa kisanduku ulikuwa umeunganishwa na waya uliompiga shoti. Wanasayansi walikuwa wakiifahamu sumaku ya aina hiyo tangu miaka ya 1820, lakini raia wa kawaida, awe wa Algiers au wa Paris, hakuwa na habari nayo.

Ila sumaku ni nusu tu ya ufundi wenyewe, tena ile nusu nyepesi. Robert-Houdin alikuwa amekwisha kukitumia kisanduku hicho Paris miaka ya 1840, na huko alidai kwamba kisanduku ndicho kinachogeuka kuwa kizito. Algiers alidai kwamba mtu ndiye anayegeuka kuwa dhaifu. Maneno yalibadilika, na papo hapo mchezo wa kuburudisha ukawa kitisho. Anayeambiwa kwamba sanduku limekuwa zito atataka kulikagua, pengine na sakafu yake. Anayeambiwa kwamba nguvu zimemtoka huanza kujikagua mwenyewe, na sakafu haimjii akilini kabisa.

Kisa hiki, hata hivyo, kinatokana kwa sehemu kubwa na kumbukumbu alizochapisha Robert-Houdin mwenyewe mwaka 1858, na mtu aliyeishi kwa kuzuga watu si shahidi wa kuaminiwa kwa kila neno. Kwamba alituliza nchi kwa kisanduku ni majigambo. Mwaka 1857 jeshi la Ufaransa lililivamia eneo la Kabylia nchini humo kwa mizinga na bunduki.

Nguvu ya maelekezo ya msanii imepimwa pia na wanasaikolojia. Mwaka 2006 Gustav Kuhn na Michael Land walichapisha jaribio la mchezo wa mpira unaotoweka. Mwanamazingaombwe anarusha mpira juu na kuudaka, anarudia, na mara ya tatu anajifanya anarusha huku mpira umebaki kiganjani. Alipoinua macho kana kwamba anaufuata, asilimia 68 ya watazamaji walisema wameuona ukipaa. Alipoutazama mkono wake, waliosema hivyo walishuka hadi asilimia 32.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho vilionyesha kuwa wengi wa waliodai kuuona mpira hawakuangalia kabisa pale juu ulipodaiwa kufika. Macho yao hayakudanganyika. Kabla ya kuufuata mpira walikuwa wakimtupia jicho msanii usoni, na uso wake ndio uliowaambia mpira umekwenda wapi.

Hapa kwetu, wengi waliosoma shule za msingi Tanzania wanawakumbuka wanamazingaombwe waliopita na kugeuza vipande vya karatasi kuwa noti. Baadhi walisema wazi kwamba ni ufundi wa mikono, wengine wakaacha watoto waende nyumbani wakiamini ni uchawi. Wa kwanza ni wasanii. Wa pili wanafanya alichofanya Robert-Houdin Algiers, japo kwa kiingilio kidogo, na walimu wangefanya vyema kuwadai ufafanuzi kabla hawajafungasha virago.

Anayetaka kumnasa msanii wa fani hii asifuate macho yake yanakoelekea. Autazame mkono ambao msanii mwenyewe hautazami.