Kisu cha Kukatia Mkate Wenye Ganda Gumu

Wazee husema ya kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Maneno hayo ni ya kweli kwa nyama. Lakini kwa mkate uliookwa hata ganda lake likawa gumu, makali peke yake hayatoshi, na mtu aliyenunua kisu kizuri cha nyama aweza kujuta mbele ya watoto wanaongoja kugawiwa. Leo twataka kueleza sababu yake, na jinsi ya kuchagua kisu kifaacho, ili mtu asipoteze fedha yake bure.

Mkate wa namna hii una hali mbili zilizo kinyume. Nje una ganda kavu. Ndani ni laini, tena umejaa matundu ya hewa. Kisu chenye makali yaliyonyoka huteleza juu ya ganda. Basi mkataji hukandamiza, na ganda linapopasuka, sehemu laini ya ndani hubonyea. Vipande hutoka vingine vinene na vingine vyembamba, na mara nyingine kisu huteleza kikakata vidole.

Kwa sababu hiyo kisu cha mkate hufanywa chenye meno, mfano wa msumeno. Ncha za meno ndizo zinazogusa ganda kwanza. Kwa kuwa ncha ni ndogo, nguvu ya mkono hukusanyika mahali padogo, na ganda hukatika bila kukandamizwa sana. Tena vibonde vilivyo kati ya meno havigusi ubao, kwa hiyo makali yake hudumu siku nyingi.

Aendaye dukani na atazame mambo manne.

Kwanza, urefu. Bapa na liupite upana wa mkate. Kwa mkate mkubwa, inchi 10 zafaa kuliko inchi 8. Kisu kifupi hakina nafasi ya kwenda na kurudi, na ncha yake huingia ndani ya mkate ikauchana.

Pili, meno. Meno mapana yaliyo kama mawimbi hukata vizuri. Meno madogo yaliyochongoka na kusongamana hurarua, na meza ikajaa makombo.

Tatu, bapa lenyewe. Lisiwe jembamba hata likapindika, maana litapotoka njiani, na kipande kitakuwa kinene juu na chembamba chini. Chuma kisichoshika kutu upesi, kama kile alichokifanya Harry Brearley huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, chafaa sana penye hewa ya unyevu.

Nne, mpini. Msuka uingie sana ndani ya mpini, wala usitikisike. Kishike kisu kana kwamba unakata juu ya ubao, uone kama vidole vyako vina nafasi, visigonge.

Hata kisu kizuri hushindwa mkononi mwa mwenye haraka. Mkate ukitoka tanurini, uache upoe kabisa. Ukikatwa ungali moto, mvuke bado umo ndani, na sehemu laini hugandamana kama ugali. Kisha vuta kisu kwa mwendo mrefu, kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Ganda la juu likizidi ugumu, ulaze mkate ubavu, uanzie upande ulio laini.

Kisu hiki hakinolewi juu ya kinoo kama visu vingine, kwa kuwa meno yatalika. Hunolewa kwa tupa nyembamba ya mviringo, kibonde kimoja kimoja.

Mwenye kula mikate laini tu hana haja kubwa ya kununua kisu hiki. Na asiye na fedha ya kukinunua asihuzunike: kisu chake kirefu cha kawaida, kikinolewa vema na kuvutwa taratibu, chaweza kumfaa. Neno kubwa ni hili: mkono uvute, usikandamize. Hivyo kila mtoto atapata kipande kilicho sawa na cha mwenziwe.