Panga nyumba ya ndani kabla fundi hajapiga plasta

Mabati yamepigwa, madirisha yameingia, na fundi anakupigia simu: "Boss, tuma ya plasta." Unatuma. Wiki mbili baadaye unaingia chumba cha kulala na kugundua kwamba kitanda kitaziba soketi pekee iliyopo. Fundi wa stima anarudi, ukuta unapasuliwa, na plasta unailipia mara ya pili.

Hakuna aliyekuibia, lakini pesa imeenda. Ndiyo maana leo tunazungumzia mpango wa ndani ya nyumba na jinsi ya kuulipia kwa simu bila majuto.

Anza na vitanda, rangi itangoja

Chukua chaki na futi, uchore kila kitu sakafuni. Tuseme chumba ni futi 10 kwa 10. Kitanda cha 5 kwa 6 kinachukua futi 6 kwa urefu. Wodrobu ikiwa upande wa miguuni inakula futi 2 kwenda ndani. Unabaki na futi 2 za kupita, na milango ya wodrobu ikifunguka kwa nje, utagonga kitanda kila asubuhi. Hapo unaamua mapema: milango ya kuteleza, au wodrobu ihamie ukuta mwingine. Kufuta chaki ni bure.

Stima, maji na gesi

Paipu za waya hulazwa ukutani kabla ya plasta. Kwa hivyo jiulize sasa: TV itakaa wapi? Friji je? Simu utachaji upande gani wa kitanda? Weka alama kwenye ukuta, kisha piga picha ubaki nayo. Siku ukitaka kutoboa ukuta uning'inize kabati, hiyo picha itakuonyesha waya ulipopita.

Jikoni, mtungi wa gesi ni salama zaidi ukikaa nje, mahali penye hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini badala ya kupaa. Mwambie fundi aache tundu la mpira wa gesi kabla ya taili kuwekwa.

Hesabu ya taili

Chumba cha futi 12 kwa 12 ni kama mita mraba 13.4. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata karibu 14.7. Taili za sentimita 60 kwa 60, nne kwa katoni, hufunika mita mraba 1.44. Unahitaji katoni 11. Nunua zote pamoja, kwa sababu taili za awamu nyingine zinaweza kuja na rangi tofauti kidogo.

Lipa kwa hatua

1. Gawanya kazi. Kwa stima, kwa mfano: kulaza paipu, kuvuta waya, kufunga soketi. Kubalianeni bei ya kila hatua kwa ujumbe wa simu, na ulipe baada ya kuiona kazi au kutumiwa video.

2. Vifaa lipia hadwea moja kwa moja kupitia tili yao, na uombe risiti. Pesa ya saruji isichanganyike na ya ufundi.

3. Soma jina kabla ya kuweka nambari ya siri. Ukipata ujumbe wa "nimebadilisha laini, tuma kwa hii", usitume. Piga ile nambari ya zamani, umsikie fundi kwa sauti yake.

4. Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kabla pesa haijatolewa.

5. Hifadhi jumbe za malipo na uandike kila moja ilikuwa ya nini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkizozana kuhusu balansi, taarifa ya malipo itaonyesha tarehe na kiasi, na daftari litaonyesha sababu.

Na kazi ikikamilika vizuri, mlipe fundi siku hiyo hiyo. Yeye pia ana kodi na karo, na fundi anayelipwa kwa wakati hurudi ukimwita.

Jumamosi hii, kabla hujatuma ya plasta, nenda saiti na chaki yako. Mjengo mwema!