Je, Wajua? Kufunga Choo Huweza Kuanzia Kwenye Neva

Anayefunga choo miezi nenda miezi rudi huambiwa ale mboga, anywe maji, afanye mazoezi. Ushauri huo ni mzuri. Lakini wapo wanaoufuata wote na choo kikabaki kigumu, kwa sababu tatizo lao liko kwenye seli za neva za utumbo mpana.

Je, wajua kuwa utumbo una neva zake wenyewe? Kuanzia umio hadi njia ya haja kubwa, kuta za njia ya chakula zina mamia ya mamilioni ya seli za neva. Ndiyo maana wataalamu huuita mtandao huo ubongo wa pili.

Je, wajua kuwa utumbo hujiendesha hata ukikatiwa mawasiliano na ubongo? William Bayliss na Ernest Starling walilionesha hilo London mwaka 1899, kwa kuchunguza utumbo wa mbwa. Chakula kikitanua ukuta, neva huiamuru misuli ya nyuma yake ibane na ya mbele yake ilegee, kisha amri hiyo hurudiwa hatua kwa hatua. Amri zikidhoofika, kinyesi hukaa sana, utumbo mpana huendelea kukifyonza maji, nacho hugeuka kigumu kama kokoto.

Je, wajua kuwa zipo seli zinazoipa misuli hiyo mapigo? Zinaitwa seli za Cajal, kwa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Vipande vya utumbo mpana vilivyokatwa kwa wagonjwa wenye utumbo mzito, yaani unaosukuma choo polepole mno, vimechunguzwa kwa hadubini, na mara nyingi seli hizo hukutwa zimepungua. Kwa baadhi yao hata seli za neva huwa chache.

Je, wajua kuwa mtoto anaweza kuzaliwa bila neva hizo? Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alieleza ugonjwa huu mwaka 1886. Mimba ikiwa changa, seli zitakazokuwa neva husafiri kushuka hadi mwisho wa utumbo. Zikiishia njiani, kipande cha chini hubaki kimebana na hakilegei. Humpata takribani mtoto 1 kati ya 5,000, wengi wao wavulana. Mama, mtoto mchanga asipopata choo chake cha kwanza ndani ya saa 48, tumbo likajaa au akatapika matapishi ya kijani, mkimbize hospitali. Upasuaji wa kuondoa kipande kisicho na neva huokoa maisha.

Je, wajua kuwa kimelea kinaweza kuua neva za utumbo? Mbrazili Carlos Chagas alikigundua mwaka 1909. Huenezwa na wadudu jamaa ya kunguni wanaopatikana Amerika ya Kusini na Kati. Miaka mingi baada ya maambukizi, utumbo mpana wa baadhi ya wagonjwa hutanuka na kupoteza nguvu ya kusukuma.

Je, wajua kuwa kufunga choo kunaweza kutangulia mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi? Protini ileile inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa hao imekutwa pia kwenye neva za utumbo. Hata hivyo, wengi wanaofunga choo hawatapata ugonjwa huo. Kisukari kilichokaa muda mrefu nacho huharibu neva hizi.

Je, wajua kuwa mofini na kodeini hutuliza maumivu na kuzizubaisha neva za utumbo kwa wakati mmoja? Ukiandikiwa dawa hizo, muulize daktari mapema kuhusu dawa ya kulainisha choo.

Je, wajua kuwa sanamaki, dawa ya kufungua choo, imesingiziwa? Kwa miaka mingi iliaminika kuwa inaua neva za utumbo. Ushahidi wa sasa hauthibitishi hilo kwa anayeitumia kwa kipimo sahihi. Huweza kuutia weusi utando wa utumbo mpana, lakini weusi huo huisha taratibu dawa ikiachwa.

Je, wajua kuwa mwendo wa utumbo hupimika? Mgonjwa humeza chembe ndogo zinazoonekana kwenye eksirei, kisha hupigwa picha siku ya tano. Zikibaki zaidi ya moja kati ya kila tano, utumbo huenda ni mzito, au misuli ya njia ya haja kubwa hailegei inavyopaswa. Vipimo zaidi hutofautisha hali hizo, na tiba zake si moja. Mwenye utumbo mzito sana akiongezewa makapi ya nafaka, huenda akaishia kujaa gesi tu.

Choo chini ya mara tatu kwa wiki, kwa miezi kadhaa, ni sababu tosha ya kumwona daktari. Ukiona damu, ukipungua uzito bila sababu, au hali ikianza ghafla ukiwa umevuka miaka 50, usingoje. Na ndugu yako akilalamika kuwa mboga na maji havikumsaidia, usimwone mzembe. Mwamini, umsindikize akapimwe.