Gari umeuza, jina lako umelibakiza

Msikilizaji, asubuhi ya Jumanne moja nilikuwa studio nikipitia karatasi zangu, simu ikaita. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni askari wa usalama barabarani katika wilaya moja ya mkoa jirani. Baada ya salamu fupi akanitajia namba ya gari, nami nikaitambua kabla hajaimaliza. Nikamjibu kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu yake wa zamani, kwamba gari hilo lilikuwa langu lakini nililiuza miezi minane iliyopita.

“Kumbukumbu zinasema ni lako, mzee,” akajibu. “Limemgonga kijana wa bodaboda jana usiku na dereva amekimbia. Tunaomba ufike.”

Juma hili basi, msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya jambo linalowapata wengi wetu mijini, nalo ni kuachana na gari la zamani na kuanza maisha na jingine. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nimejifunza kwamba hata kile cha zamani kinaweza kuwa kidonda, kama hukukiaga vizuri.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, la gia za mkono na kabureta. Lilikuwa “namba A”, kama wanavyosema watu wa Dar es Salaam, maana herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao hutaja umri wa usajili hata kwa mtu asiyeuliza. Nilikaa nalo miaka kumi na minne. Mama watoto alikimbizwa nalo hospitali usiku wa manane kujifungua mtoto wetu wa mwisho. Lilibeba mahindi, magodoro, na wazee waliokuwa wanakwenda msibani. Miaka yake ya mwisho halikuwaka bila kusukumwa, na vijana wa mtaani walishazoea: wakinisikia nafungua geti, wanakuja wenyewe.

Nililiuza baada ya kukaa chini na kalamu. Nilijumlisha risiti za fundi za mwaka mmoja, nikakuta zinakaribia bei ambayo gari zima lingeuzwa. Hicho ndicho kipimo ninachomshauri mtu yeyote akitumie. Usiangalie ukubwa wa tatizo la leo, maana tatizo la leo daima ni dogo: bomba, mkanda, pampu. Jumlisha mwaka mzima, kisha linganisha na thamani ya gari. Huruma haitakuonyesha hesabu hiyo.

Basi dalali akamleta mnunuzi, kijana mwenye adabu, akalipa taslimu. Tuliandikiana kwenye nusu karatasi ya daftari: jina lake, namba ya simu, kiasi alichonipa, sahihi mbili. Nikampa kadi ya gari, akaniahidi kwamba Jumatatu atakwenda kubadilisha jina. Nikamwamini. Jumatatu ile haikufika.

Nilipofika kituoni nilionyesha ile nusu karatasi. Askari akaitazama, akanitazama na mimi. Namba ya simu ilikuwa haipatikani tena. Jina lilikuwa moja tu, lile la kwanza. Kutoka hapo nilikwenda hospitali kumwona majeruhi, kwa sababu niliona si uungwana kupita tu. Kijana alikuwa amevunjika mguu, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi na kanga mabegani. Aliniuliza swali ambalo sijalisahau: “Baba, kwani hilo gari ni la nani?”

Msikilizaji, nilishindwa kumjibu. Kwa pesa halikuwa langu. Kwa maandishi lilikuwa langu. Kwa aliyeliendesha usiku ule, halikuwa na mwenyewe.

Ilichukua wiki mbili kumpata yule dalali na kupitia kwake kufuata mkono hadi mkono. Ikaonekana gari limeuzwa mara mbili zaidi tangu litoke kwangu, kila mmoja akimpa mwenzake kadi ile ile yenye jina langu. Bima ilikuwa imekwisha muda tangu siku nilipokuwa nalo mimi, na hakuna aliyekata nyingine. Hivyo yule mama hakuwa na kampuni ya kudai. Mwenye gari wa mwisho alipatikana, akakubali kulipa matibabu kidogo kidogo, na mimi nikachangia bila kuamriwa. Lakini kijana wa watu alikaa miezi bila kazi, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba.

Sasa tujiulize, ilipaswa kufanyika nini? Hapa nchini usajili wa magari unatunzwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Namba ya usajili hubaki na gari hata likiuzwa mara kumi. Kinachobadilika ni jina la mwenye gari. Kwa hiyo anayetafuta mhusika, awe polisi, awe mahakama, awe mtu aliyegongwa, huanzia kwenye jina lililoandikwa humo. Kukabidhi ufunguo na kadi si kuhamisha umiliki. Umiliki unahama pale jina linapobadilishwa.

La kwanza, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye majina kamili, namba ya gari na namba ya chasisi, bei, tarehe na hata saa ya makabidhiano. Saa ina maana, kwa sababu ajali inaweza kutokea jioni ya siku ile ile. La pili, chukua nakala ya kitambulisho cha mnunuzi na namba yake ya mlipa kodi, na yako umpe. La tatu, kubalianeni mapema nani atalipa gharama za uhamisho, maana hapo ndipo ahadi nyingi za Jumatatu zinapofia. La nne, na hili ndilo kubwa, usiachie kadi halisi ikaenda peke yake. Fuateni uhamisho pamoja, hata kama itakugharimu nusu siku ya kazi. La tano, iarifu kampuni yako ya bima. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na mnunuzi lazima awe na ya kwake kabla hajaingia barabarani.

Wapo wasiouza, bali huliacha gari nyuma ya nyumba likaota majani. Zamani jambo hilo lilikuwa na adhabu yake, kwani ada ya mwaka ya leseni ya gari iliendelea kulimbikizwa hata kwa gari bovu. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18, mzigo ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Hata hivyo gari likikatwa spea au kuuzwa kama chuma chakavu, toa taarifa lifutwe kwenye usajili, na vibao vya namba usimwachie mnunuzi wa vyuma. Betri nayo isichezewe na watoto, kwa kuwa ndani yake mna risasi na tindikali, na vyote viwili ni sumu. Oili chafu usiimwage uani, hasa kama jirani ana kisima.

Hayo ni ya kuaga. Sasa niingie kwenye ya kukaribisha.

Gari nililonunua baadaye ni la Kijapani pia, lililotumika, lakini ni otomatiki. Watu huuliza kwa nini Wajapani wanauza magari ambayo kwetu bado ni mapya. Sababu moja kubwa ni ukaguzi wa lazima. Gari jipya la binafsi kule hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi, kodi na matengenezo yake huwafanya wengi waone heri kubadilisha gari. Kwa kuwa wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani unakuja ukiwa mahali pake.

Aibu ya kwanza ilinipata kama mtu wa redio. Niliwasha redio ya gari nikitafuta kituo changu, nisikipate. Nikadhani antena ni mbovu. Fundi akacheka: redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, kuanzia megahezi 76 hadi 90, na zile za miaka ya karibuni hufika 95. Sisi hutumia kuanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo vituo vyetu vingi viko juu ya pale redio inapoishia. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, kinachoteremsha masafa hayo hadi redio iyasikie. Au ununue redio nyingine. Mpaka nilipokifunga, nilikuwa mtangazaji asiyeweza kujisikiliza.

La pili halikuwa la kuchekesha. Katika gari la gia za mkono, mguu wa kushoto una kazi yake ya klachi, nao hukanyagwa hadi chini bila kufikiri. Katika otomatiki hakuna klachi. Breki ni pana na imesogea karibu na pale mguu ulipozoea kwenda. Juma la kwanza nilikuwa naingia getini taratibu, mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta klachi, ukakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likasimama ghafla, na kwa mshtuko mguu wa kulia ukagonga mafuta. Hatua chache mbele alikuwa mtoto wa jirani na mpira wake. Mungu saidia, mguu wa kushoto ulikuwa bado kwenye breki, gari likanguruma tu pale lilipo. Nilizima, nikashuka, nikakaa barazani nusu saa.

Toka siku hiyo naurudisha mguu wa kushoto nyuma kabisa, chini ya kiti, na kila anayehamia otomatiki namwambia afanye hivyo. Mguu wa kulia peke yake ndio wenye kazi: breki au mafuta, kamwe si vyote pamoja. Usitoe gia kwenye P bila kukanyaga breki. Ukiegesha mlimani vuta breki ya mkono kwanza, ndipo uweke P, ili uzito wa gari usining'inie kwenye kipini kidogo kilichomo ndani ya gia.

La tatu ni la wale waliozoea kusukuma. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Ndani yake nguvu hupitishwa na oili inayosukumwa na pampu, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna msukumo wa oili, hivyo magurudumu hayawezi kuizungusha injini hata mkisukuma mpaka jioni. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali otomatiki ivutwe mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendesha gari yanagusa chini, kwani gia huzunguka bila oili na kuungua. Ita gari la kubeba.

La nne ni miteremko. Anayekwenda Iringa anaujua mlima Kitonga. Katika gari la mkono tulipunguza gia ili injini isaidie kushika. Wengi wakipata otomatiki huiacha kwenye D na kukanyaga breki mteremko mzima, au huweka N wakidhani wanaokoa mafuta. Breki zikipata moto mwingi hupoteza nguvu, na ukiwa kwenye N injini haikusaidii chochote. Zile alama za 2 na L karibu na D ziko kwa ajili ya mteremko kama huo. Zitumie, lakini uwe umepunguza mwendo kwanza.

Msikilizaji, nilikwenda tena kumwona yule kijana alipotolewa chuma mguuni. Anatembea, ingawa anachechemea kidogo. Mama yake akanipa maji ya kunywa, akaniuliza kama gari nililokuja nalo ni langu. Nikaingia mfukoni, nikatoa nakala ya kadi, nikamwonyesha jina. Hajui kusoma sana, lakini aliishika, akaitazama kwa muda, akanirudishia.

Jioni hii, kabla hujalala, fungua ile droo unayohifadhia karatasi zako. Kama kuna gari uliloliuza na hujui kadi yake imeandikwa nani, kesho asubuhi usingoje kupigiwa simu. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.